Yadi 38 zilizoizika Vikings ya 1998

GARY Anderson alikuwa hajakosa kitu msimu mzima. Mipira 35 aliyopewa apige kutafuta pointi tatu, yote 35 ilipita katikati ya milingoti. Mipira 59 ya pointi moja ya ziada, yote 59 ikaingia. Katika historia ya NFL, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa mpigaji wa kwanza kumaliza msimu wa kawaida bila kukosa bao la mguu wala pointi ya ziada.

Jumapili ya Januari 17, 1999, ndani ya uwanja wa Metrodome mjini Minneapolis, akaitwa kupiga mmoja zaidi. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde saba. Ubao ulisomeka Minnesota Vikings 27, Atlanta Falcons 20. Umbali ulikuwa yadi 38, yaani karibu mita 35. Akiingiza, pengo linakuwa pointi 10, Falcons hawana muda wa kulifuta, na tiketi ya Super Bowl iko mfukoni.

Upepo haukuwepo, maana Metrodome ilikuwa na paa. Mvua haikuwepo. Theluji ya Minnesota ilibaki nje ya mlango. Mpira ukawekwa chini, mguu ukaupiga, na watu zaidi ya 64,000 wakaanza kunyanyuka kwenye viti.

Ukapita kushoto.

Shabiki wa soka hahitaji kuelezwa picha hiyo. Aliiona kwa Roberto Baggio mwaka 1994 pale Pasadena, penalti ya Italia ikipaa angani na kombe likienda Brazil. Aliiona tena kwa Asamoah Gyan mwaka 2010 Johannesburg, mtambaa panya ukiinyima Ghana na Afrika nzima nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mtu mmoja, mpira mmoja, halafu jina linabeba mzigo maisha yote.

Zaidi ya robo karne imepita na huko Minnesota jina la Anderson bado linatajwa kila mechi kubwa inapoharibika. Lakini ukiifungua ile mechi kipande kwa kipande, unagundua mzigo ule ulikuwa wa kubebwa na watu wengi. Yeye alikuwa tu wa mwisho kuonekana.

Ligi isiyo na marudiano

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeufuatilia. Timu inapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa inapata nafasi nne nyingine, na hivyo hivyo mpaka ifike mstari wa mwisho wa mpinzani. Ikifika, hiyo ni tachidauni, pointi sita, na juu yake inapiga mpira wa pointi moja ya ziada. Ikikwama njiani lakini ikawa imesogea vya kutosha, inamwita mpigaji. Kazi yake ni kuupitisha mpira katikati ya milingoti, juu ya mtambaa panya ulio mita tatu kutoka ardhini. Hilo ndilo bao la mguu, pointi tatu.

Milingoti hiyo ina upana wa mita 5.64. Goli la soka lina mita 7.32. Na mpira wenyewe una umbo la yai.

Mpigaji huyo ndiye mtu mpweke kuliko wote kikosini. Muda mwingi yuko pembeni akinyoosha misuli. Wenzake wanavunjana mbavu, yeye jezi yake haina hata doa. Anaitwa mara chache, kwa sekunde chache, na mara nyingi anaitwa wakati kila kitu kiko mezani. Akiingiza, amefanya kazi aliyoajiriwa. Akikosa, ameiua timu.

Kitu kingine ni mfumo. NFL ya wakati ule ilikuwa na mechi 16 za msimu wa kawaida, halafu mtoano. Huko kwenye mtoano hakuna nyumbani na ugenini, hakuna jumla ya mabao. Ni mechi moja, ukifungwa unafungasha. Vikings ya 1998 ilimaliza na ushindi mara 15 na kipigo kimoja. Denver Broncos na Falcons walioifuata walikuwa na ushindi mara 14 kila mmoja. Ingekuwa ligi kama zetu za soka, kombe lingeshakabidhiwa na gwaride kufanyika kabla hata ya Krismasi kupoa. Arsenal ya 2003/04 haikuombwa kucheza mechi moja ya ziada ili kuthibitisha ubingwa wake. Vikings waliombwa.

Kikosi kilichotisha

Na si mchezo, timu ile ilikuwa inatisha. Ilifunga pointi 556, rekodi ya NFL wakati huo. Katika mechi zote 16 haikuwahi kufunga chini ya pointi 24. Mechi pekee iliyopoteza, ugenini kwa Tampa Bay Buccaneers Novemba 1, ilipotea kwa tofauti ya pointi tatu, 27-24. Nyumbani Metrodome hakuna aliyetoka salama.

Cha ajabu, kikosi chenyewe kilijengwa na watu ambao wengine walishawakatia tamaa.

Chukua Randall Cunningham, kwotabeki, yule mpanga mashambulizi ambaye kila pasi inaanzia mikononi mwake. Alikuwa nyota wa Philadelphia Eagles, kijana mwenye mbio na mkono wa bunduki, kabla ya majeraha na benchi kumchosha. Mwaka 1996 hakucheza kabisa. Alikuwa Las Vegas kwenye biashara yake ya kukata mawe ya marumaru na granite. Vikings wakamrudisha 1997 akae nyuma ya Brad Johnson. Katika mechi ya pili tu ya msimu wa 1998, Johnson akavunjika mguu. Cunningham, akiwa na miaka 35, akaingia. Alimaliza msimu wa kawaida na pasi 34 za tachidauni.

Chukua Randy Moss. Kwenye usajili wa vijana wanaotoka vyuoni mwaka 1998 majina 20 yalitajwa kabla ya lake, kwa sababu klabu nyingi ziliogopa matatizo aliyokuwa nayo nje ya uwanja. Vikings wakamchukua wa 21. Dallas Cowboys walikuwa miongoni mwa waliompita. Siku ya sikukuu ya Shukrani, Novemba 26, Moss akaenda Dallas na kudaka mipira mitatu tu. Yote mitatu ilikuwa tachidauni, jumla yadi 163. Vikings wakashinda 46-36. Hiyo inaitwa kukumbushana deni.

Kabla ya hapo, Oktoba, alikuwa ameshawapa Green Bay Packers darasa nyumbani kwao. Packers walikuwa wametoka kucheza Super Bowl mbili mfululizo na hawakuwa wamefungwa uwanjani kwao katika mechi 25 za ligi. Vikings waliwapiga 37-24. Moss alimaliza msimu wake wa kwanza na tachidauni 17, akatangazwa chipukizi bora.

Upande wa pili alikuwepo mkongwe Cris Carter, fundi wa kudaka mpira huku vidole vya miguu vikiwa vinagusa ndani ya mstari. Katikati alikuwepo Robert Smith mwenye mbio za swala. Nyuma yao wote alikuwepo kocha Dennis Green, mmoja wa makocha weusi wachache waliokuwa wakiongoza timu NFL, na msaidizi wake Brian Billick aliyesimamia mashambulizi.

Minnesota ikaanza kuota. Hiyo ni klabu iliyofika Super Bowl mara nne miaka ya nyuma na kupoteza zote nne, ya mwisho Januari 1977. Mzee aliyekuwa ameziona zote alijiambia hii ya safari hii haiwezi kukosa. Na kila mashambulizi yalipokwama, alikuwepo mtu mwenye jezi namba moja asiyekosa.

Mtoto wa soka

Gary Anderson si Mmarekani wa kuzaliwa. Ni mtoto wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Parys mwaka 1959 na kukulia Durban. Mchezo wake ulikuwa soka, na hata baba yake, mchungaji, naye aliwahi kuucheza. Familia ilipohamia Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana akakutana na mpira wa umbo la yai na kugundua kwamba mguu uliozoea kupiga mipira iliyokufa unaweza kumlisha Marekani.

Chuo Kikuu cha Syracuse kikamchukua. Mwaka 1982 Buffalo Bills wakamsajili, kisha wakamwacha kabla msimu haujaanza. Pittsburgh Steelers wakamwokota, akakaa nao misimu 13. Akapita Eagles, akapita San Francisco 49ers, na mwaka 1998 akatua Minnesota akiwa anaelekea miaka 39. Hakuwa na mwili wa kutisha. Kofia yake ilikuwa na chuma kimoja tu mbele ya uso, mtindo wa kizamani ambao karibu kila mtu alishauacha. Ukimwona bila jezi ungedhani ni mwalimu wa hesabu.

Msimu ule alifunga pointi 164 kwa mguu wake peke yake. Katika mtoano Vikings wakaanza kwa kuwachapa Arizona Cardinals 41-21. Ilibaki hatua moja, fainali ya kanda ya NFC, mshindi aende Super Bowl mjini Miami. Wachambuzi waliwapa Vikings ushindi wa pointi 11.

Falcons hawakuwa wanyonge. Walikuwa na mkimbiaji Jamal Anderson, asiye na undugu na Gary, aliyekuwa amekimbia yadi 1,846 msimu ule na kuwafundisha mashabiki wake dansi ya kupiga mabawa kila akifunga. Walikuwa na kocha Dan Reeves aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo Desemba, na mwezi mmoja baadaye yuko pembeni ya uwanja anatoa maelekezo. Watu wa namna hiyo hawaogopi paa la Metrodome.

Tamaa kabla ya mapumziko

Falcons walifunga wa kwanza. Vikings wakajibu kwa pasi ya yadi 31 kwa Moss, wakaongeza mabao mawili ya mguu ya Anderson na tachidauni ya Cunningham mwenyewe. Robo ya pili ikielekea mwishoni ubao ulikuwa 20-7. Uwanja ulikuwa unavuma, na baadhi ya watu wameshaanza kuulizana nauli ya Miami.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na halikuwa la mguu wa mtu.

Ilikuwa imebaki zaidi kidogo ya dakika moja kabla ya mapumziko. Vikings walikuwa na mpira karibu na mstari wao wenyewe. Timu inayoongoza kwa pointi 13 ingeweza kuula muda taratibu, ikaenda zake kunywa maji. Vikings wakataka nne zaidi, tano zaidi, wamalize kazi kabisa. Cunningham akarudi nyuma kutafuta pasi ndefu. Chuck Smith akamfikia kabla hajaiachia, mpira ukaponyoka, Travis Hall akaulalia yadi 14 tu kutoka mstari wa Vikings. Mchezo uliofuata, kwotabeki Chris Chandler akampa Terance Mathis, tachidauni. Ikawa 20-14.

Pointi saba za bure. Timu iliyokuwa inaelekea kuzikwa ilipewa koleo na kuambiwa ichimbe itoke.

Kipindi cha pili Falcons wakasogea 20-17. Vikings wakapata tachidauni kupitia Matthew Hatchette, 27-17. Falcons wakapata bao la mguu, 27-20. Kisha Vikings wakaanza safari ya kuumaliza mchezo. Walisogea mpaka wakakwama kwenye umbali ambao Anderson alikuwa akiupiga hata usingizini.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Woga mwishoni

Mpira ulipopita kushoto, Vikings bado walikuwa mbele kwa pointi saba. Jambo hili husahaulika sana. Falcons walikuwa na yadi 71 za kusafiri na dakika mbili za kusafiria, mbele ya ulinzi wa timu bora ya ligi, kwenye uwanja wenye kelele za kupasua masikio. Aliyetakiwa kuwazuia hakuwa Anderson. Yeye alishakaa benchi.

Chandler, akichechemea, akawasogeza pasi kwa pasi. Beki Robert Griffith aligusa mpira mmoja ambao angeudaka, mchezo ungekwisha palepale. Ukamtoka mikononi. Zikiwa zimebaki sekunde 49, Mathis akajirusha akadaka pasi ya yadi 16 ndani ya eneo la mwisho. Ngoma droo, 27-27.

Ndipo likaja goti.

Vikings walirudishiwa mpira. Walikuwa na karibu nusu dakika. Walikuwa na Moss, aliyewafunga Dallas tachidauni tatu kwa mipira mitatu. Walikuwa na Carter. Walikuwa na kwotabeki mwenye msimu bora kuliko yote ya maisha yake. Walichohitaji ni kusogea vya kutosha ili yule yule Anderson apate nafasi ya kujisafisha. Kocha Green akaamuru Cunningham apige goti, maana yake mchezo usimame, twendeni muda wa nyongeza.

Green alikuwa na sababu. Mpira ulikuwa mbali, upande wao wenyewe, na pasi moja ikinaswa hapo Falcons wanashinda bila kutoa jasho. Kocha mwingine angefanya vilevile. Lakini weka goti lile pembeni ya ile pasi ndefu ya kabla ya mapumziko. Walipokuwa mbele kwa pointi 13 na hawana haja ya kukimbia, walikimbia. Walipokuwa sare na wanahitaji kukimbia, walikaa chini. Timu iliyotisha ligi nzima kwa kushambulia ilikuwa na tamaa wakati wa subira, na woga wakati wa kuthubutu.

Muda wa nyongeza wa NFL wakati ule ulikuwa kama bao la dhahabu, lile ambalo Laurent Blanc aliwafungia Ufaransa dhidi ya Paraguay miezi michache tu kabla, kwenye Kombe la Dunia la 1998. Wa kwanza kufunga, kwa njia yoyote, amemaliza. Vikings walishinda kura ya sarafu na kuchagua mpira. Wakakwama. Wakaupata mara ya pili, wakakwama tena. Mashambulizi yaliyofunga pointi 556 hayakupata hata moja wakati moja ingetosha.

Anderson na Andersen

Falcons wakavuka uwanja na kumwita mpigaji wao. Hapa ndipo hadithi inapokuwa kama imetungwa.

Mpigaji wa Falcons aliitwa Morten Andersen. Herufi moja tu inamtofautisha na yule wa Vikings. Naye hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alitoka Denmark, alikulia mji wa Struer akicheza soka, akafika Indiana mwaka 1977 kama mwanafunzi wa kubadilishana na ndipo akajaribu mpira wa umbo la yai. Naye aliingia NFL mwaka huohuo wa 1982.

Mtoto wa soka kutoka Afrika Kusini na mtoto wa soka kutoka Denmark, wote wakongwe, fainali moja. Umbali aliopewa Andersen? Yadi 38. Zilezile.

Dakika ya 12 ya muda wa nyongeza akaupiga kwa mguu wa kushoto. Ukapita katikati. Falcons 30, Vikings 27. Metrodome ikawa kimya kama msiba wa usiku, isipokuwa kona moja ambayo wachezaji wenye jezi nyeupe walikuwa wakipiga mabawa.

Vikings wakawa timu ya kwanza kushinda mechi 15 kwenye msimu wa kawaida na kushindwa kufika Super Bowl. San Francisco ya 1984 na Chicago Bears ya 1985 zilipofika 15 zilibeba kombe. Falcons wenyewe walikwenda Miami na kuchapwa 34-19 na Denver ya John Elway, katika mechi ya mwisho ya maisha ya Elway uwanjani.

Waliobaki na jeraha

Kikosi kile hakikurudi tena kama kilivyokuwa. Billick aliondoka wiki hizo hizo kwenda kuwa kocha mkuu wa Baltimore Ravens, na misimu miwili baadaye akabeba Super Bowl. Brad Johnson, yule aliyevunjika mguu, naye akaja kubeba Super Bowl Januari 2003, tena akiwa na Tampa Bay, timu pekee iliyoifunga Vikings kwenye msimu wa kawaida wa 1998. Green hakufika kwenye fainali hiyo akiwa kocha mkuu mpaka alipofariki mwaka 2016. Vikings walirudi fainali ya kanda Januari 2001 wakapigwa 41-0 na New York Giants, matokeo ambayo hata kuyaandika yanatia aibu.

Moss ndiye mwenye kisa cha kusikitisha zaidi. Mwaka 2007 alikuwa New England Patriots pamoja na Tom Brady, timu iliyofunga pointi 589 na kuivunja rekodi ya Vikings ya 1998. Patriots walishinda mechi zote 16, wakashinda mbili za mtoano, wakaingia Super Bowl wakiwa 18 bila kufungwa. Giants wakawafunga 17-14. Timu mbili zilizokuwa na mashambulizi makali kuliko zote zilizowahi kuonekana mpaka siku zao, mtu mmoja alikuwa kwenye zote mbili, na hana pete hata moja.

Na Minnesota? Januari 2010 walifika fainali ya kanda, wakafungwa 31-28 na New Orleans Saints, tena muda wa nyongeza. Januari 2016, kwenye mtoano dhidi ya Seattle Seahawks, walihitaji bao la mguu la yadi 27 tu washinde. Mpigaji wao Blair Walsh akalipeleka kushoto. Ikaisha 10-9. Siku ile jina lililotajwa kwenye vijiwe vya Minneapolis halikuwa la Walsh peke yake. Wazee walirudi moja kwa moja 1999. Metrodome yenyewe ilishabomolewa, na kiwanja kipya kimesimama palepale.

Ukiwauliza waliokuwepo nani aliipoteza mechi ile, wengi watakujibu bila kufikiri. Ni rahisi kumwona mtu aliyesimama peke yake. Pasi ya tamaa kabla ya mapumziko imegawanywa kati ya kocha, msaidizi wake na kwotabeki. Yadi 71 zimegawanywa kwa mabeki 11. Goti limegawanywa kwa benchi zima. Mpira wa yadi 38 hauna wa kugawana naye.

Anderson hakukimbia. Alibaki Minnesota mpaka 2002, akiendelea kupiga mbele ya watu walewale. Mwaka 2000 akawa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NFL, rekodi aliyoishika mpaka ilipochukuliwa mwaka 2006 na nani? Morten Andersen. Yule Mdenmark akaingizwa kwenye Jumba la Magwiji mwaka 2017. Yule wa Durban alihamia milima ya Alberta nchini Kanada, anakovua samaki.

Lakini kabla ya ndoano kuna mpira mmoja ambao hautajwi sana. Mwaka 2003 Tennessee Titans walimwita akiwa tayari amestaafu. Januari 2004 wakaenda ugenini Baltimore kwenye mtoano. Ubao ulikuwa 17-17, zimebaki sekunde chache, na benchi la wapinzani linaongozwa na Brian Billick, mtu aliyekuwa upande mmoja naye siku ile ya Metrodome. Safari hii hakukuwa na paa. Anderson alikuwa na miaka 44, na umbali ulikuwa yadi 46, nane zaidi ya zile za Minneapolis.

Akapiga. Titans 20, Ravens 17.